"Hata nikisoma nitapata nini?" Jibu kwa mama wa mtahiniwa, Luanda

Barua yenyewe, niliyoifupisha kidogo na kubadilisha majina:

"Mwalimu, habari ya kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza mitumba hapa soko la Luanda, Vihiga. Kijana wangu wa tatu yuko kidato cha nne shule ya kutwa. Mwaka jana alifunga na C+. Moki (mtihani wa majaribio) ya Julai ameleta C-, na Hisabati ni E kabisa. Mengine: Kiswahili C+, Dini C+, Biashara C, Kiingereza C-, Jiografia C-, Biolojia D+, Kemia D. Tangu shule zifungwe hagusi kitabu. Analala hadi saa nne asubuhi, akiamka ni simu. Nikimsemesha ananijibu, 'Mathe, hata nikisoma nitapata nini? Si Kevo alipata B na yuko steji?' Kevo ni kaka yake, amemaliza chuo kikuu na sasa anaendesha nduthi, pikipiki ya abiria. Baba yao yuko Nairobi. Amemwahidi pikipiki akipata B, na akipata D amemwambia asikanyage boma. Mwalimu, nimpokonye simu? Nimtafutie tuisheni? Na huyu mzee nimwambie nini?"

Mama, maswali yako matatu nitayajibu yote, ila hilo la simu ulilolitanguliza ndilo dogo kabisa. Kijana hakuacha vitabu kwa sababu ya simu. Aliacha vitabu kwanza, halafu akashika simu, kwa maana hakuna kijana wa umri wake anayeweza kukaa siku nzima akitazama mabati.

Sisi watu wazima, walimu tukiwemo, huamini kwamba mtoto hupata hamu kwanza ndipo asome. Kwa hiyo hamu ikipotea tunajaribu kuirudisha kwa mdomo: mawaidha, vitisho, ahadi, mfano wa mtoto wa jirani aliyepata A. Shule nazo hualika msemaji wa kuhamasisha. Anapiga kelele ukumbini tangu saa nane mchana, watahiniwa wanaruka na kupiga makofi, wanaandika gredi wanazozitaka kwenye vikaratasi na kuvibandika ndani ya madawati. Jumatatu ikifika, swali la logarithimu liko palepale. Sisemi wasemaji hao hawana maana. Wengine ni wacheshi kweli na watoto huhitaji kucheka. Ila kwa jinsi ninavyoona mambo katika ofisi ya ushauri nasaha, hamu ya mtihani huja nyuma ya kazi. Mtoto hufanya jambo dogo, akaona limemletea alama, akataka kulifanya lingine. Asipoona chochote kwa muda mrefu, anaacha. Wewe unauona uvivu, lakini yeye amepiga hesabu yake kimyakimya: nguvu ninazotoa ni nyingi na kinachorudi ni E.

Basi mnachotafuta sasa, wewe na yeye, ni alama chache anazoweza kuziokota mapema, azione kwa macho yake kabla muhula wa tatu haujashika kasi. Nitakuonyesha ziko wapi. Lakini kabla ya hapo kuna Kevo.

Usimjibu kijana kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Mwenye ufunguo huo anamwona kila asubuhi steji, amevaa rifleksa. Ukimwambia maneno ya aina hiyo atakuona humsikii, na atakuwa na haki. Mwambie ukweli ulivyo: kazi ni chache na cheti peke yake hakiajiri mtu. Kisha umwambie na upande wa pili wa ukweli huo, kwamba gredi ya KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, ndiyo inayoamua atachagua au atachaguliwa. C+ inamfungulia chuo kikuu kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo. C- inamruhusu kuomba diploma, na kozi za diploma ziko nyingi, kama za uhandisi na hoteli. Chini ya hapo kuna vyeti vya ufundi, ambavyo mimi sividharau hata kidogo, kwani fundi mzuri wa umeme hapo Luanda halali njaa. Tofauti ni kwamba mwenye pointi nyingi akienda ufundi, ameenda kwa kupenda.

Halafu mwite Kevo mwenyewe. Sidhani umewahi kuwaketisha hao wawili. Kijana anatumia maisha ya kaka yake kama hoja bila kumuuliza mwenye maisha. Muulize Kevo mbele ya mdogo wake: ungepewa nafasi ya kurudi kidato cha nne, ungefanya nini tofauti? Labda atasema angechagua kozi nyingine, labda atasema nduthi inamlisha na hajuti. Lolote atakalosema litakuwa na uzito kuliko langu na lako. Na kuna sababu nyingine ya kumwita, nitaifikia kwenye tuisheni.

Sasa tuokote alama. Umefanya vizuri kuniandikia matokeo yote, kwa sababu nimeyapigia hesabu, na nataka kijana aipige mwenyewe kwa kalamu. Tangu 2023 gredi ya wastani ya KCSE hutokana na masomo saba: Hisabati, lugha moja, kisha mengine matano aliyofanya vyema zaidi. A ni pointi 12, E ni pointi 1, na jumla haivuki 84. Kwa moki hii kijana wako ana Hisabati 1, Kiswahili 7, Dini 7, Biashara 6, Kiingereza 5, Jiografia 5 na Biolojia 4. Jumla ni 35, ambayo ukigawanya kwa saba ni C-. Kemia haijaingia popote.

C+ huanzia pointi 46. Anakosa 11. Ukimwambia mtoto "jikaze upande kutoka C- hadi C+", anasikia mlima. Ukimwambia pointi 11, anaweza kuanza kuzitafuta ziliko. Hisabati ikitoka E hadi D+, hizo ni tatu. Kiswahili na Dini zikipanda kutoka C+ hadi B, ni mbili kila moja. Jiografia kutoka C- hadi C+, mbili. Biashara, Kiingereza na Biolojia zikipanda hatua moja moja, tatu. Zote ni 12, na jumla inakuwa 47. Hakuna somo aliloombwa A hapo, wala A-, na katika Hisabati ameombwa D+ tu. Watoto wengi niliowaketisha na karatasi ya namna hii huinua kichwa wakifika hapo, kwa kuwa siku zote walidhani wanaombwa wawe watu wengine.

Kemia je? Asiitupe, maana lolote linaweza kutokea na somo jingine likaanguka. Ila saa zake za jioni asizimalizie huko. Kama anataka uuguzi au kozi yoyote ya sayansi, hapo hesabu inabadilika na Kemia inapanda juu ya orodha. Muulize kabla ya kupanga ratiba.

Baada ya hesabu, fungueni karatasi za moki. Watahiniwa huzichukia. Wakishaona gredi hukunja karatasi na kuisukuma chini ya godoro, na humo ndimo alama zilimolala. Mwambie achukue karatasi moja moja na kila alama iliyopotea aiweke katika fungu lake. Fungu la kwanza: sikujua kabisa. La pili: nilijua, nikakosea au nikasahau. La tatu: sikufika, muda uliisha, au sikuelewa swali lilitaka nini. Fungu la kwanza linahitaji kusoma upya, na hilo huchukua muda. La pili na la tatu hazihitaji kitabu kipya hata kimoja.

Nikupe mfano wa Kiswahili. Karatasi ya kwanza ni insha mbili kwa saa moja na dakika 45, kila moja alama 20 na isipungue maneno 400. Ya kwanza ni ya lazima, na aghalabu huwa ya kiuamilifu: barua, ripoti, hotuba, kumbukumbu za mkutano. Kijana mmoja aliniletea karatasi yake, kumbukumbu za mkutano wa chama cha mazingira. Lugha safi, methali mahali pake, mwandiko unasomeka. Lakini kichwa hakikutaja mahali wala tarehe, orodha ya waliokosa kuhudhuria haikuwepo, ajenda hazikuhesabiwa nambari, na mwishoni hakuacha nafasi ya sahihi ya katibu na mwenyekiti. Nilipomuuliza, alinitajia sehemu zote bila kusita. Alikuwa anazijua tangu kidato cha pili. Hilo ni fungu la pili, na dawa yake ni kuandika mifupa ya kila aina ya insha kwenye ukurasa mmoja, kila asubuhi aina moja, bila kutazama, dakika tano tu. Karatasi ya pili ina alama 80, na 40 kati ya hizo ni matumizi ya lugha. Nusu nzima! Mwanafunzi mwenye C+ anayefanya maswali ya sarufi kidogo kila siku kutoka mitihani iliyopita, ngeli, uakifishaji, usemi wa taarifa, vinyambuo, anaweza kuipata hiyo B bila kukesha. Na kwenye ufupisho aangalie idadi ya maneno aliyoitaja mtahini. Wengi hupoteza alama kwa kuandika mengi mno.

Hisabati inataka maneno zaidi kwa sababu ndiyo imemvunja moyo. Kila karatasi ni saa mbili na nusu, alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye alama 50. Sehemu ya pili ina maswali manane ya alama kumi kumi, naye anachagua matano. Karatasi ya kwanza hutahini hasa mambo ya kidato cha kwanza na cha pili. Hapo ndipo mwenye E aanzie, na wala asione haya kufungua kitabu cha kidato cha kwanza akiwa wa nne. Sehemu, uwiano, asilimia, eneo na ujazo, milinganyo ya kawaida, takwimu. Katika karatasi ya pili achague mada mbili au tatu zinazorudi mara kwa mara na zenye hatua zinazofuatana vilevile kila mwaka: kodi ya mapato, matriki, longitudo na latitudo. Azifanye hadi mkono uzijue.

Jambo ambalo wanafunzi dhaifu wa Hisabati hawaambiwi vya kutosha ni kwamba mtahini hutoa alama za njia mbali na alama za jibu. Mwanafunzi aliyekata tamaa huandika jibu moja kavu, likiwa na kosa la kujumlisha anapata sufuri kati ya tatu. Mwenzake aliyefanya kosa lilelile lakini akaonyesha fomula na jinsi alivyoingiza namba, huondoka na moja au mbili. Zidisha hiyo kwa maswali 16. Kijana wako asiache swali tupu. Aandike fomula, achore mchoro, aweke namba alizopewa mahali pake. Nimeona E zikihama kwa mazoea hayo tu, kabla mtoto hajajifunza mada mpya.

Biolojia ina karatasi ya tatu, ya vitendo, yenye alama 40 kati ya 200. Katika shule nyingi za kutwa wanafunzi huiona maabara kwa dirisha. Muhula ukifunguliwa, yeye na wenzake wawili au watatu waende kwa mwalimu wa somo kwa adabu na kumwomba muda wa maabara. Mwalimu akiombwa na watahiniwa wenyewe, mara nyingi hupata nafasi ambayo haikuwepo. Vitendo visingoje.

Sasa namna ya kusoma. Huenda akakuambia, "Mathe, lakini mimi husoma na vitu haviingii." Muulize husoma vipi. Wengi hufungua noti, wanazipitia mara tatu nne, wanapiga mistari kwa kalamu ya rangi hadi ukurasa wote unang'aa njano. Kichwa huzoea ule ukurasa na kudhani kinaujua. Watafiti Roediger na Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, Marekani, walilipima jambo hili mwaka 2006. Kundi moja lilisoma habari fulani tena na tena. Jingine lilisoma mara moja, kisha likajaribu kuikumbuka bila kuitazama mara kadhaa. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja wao walikumbuka asilimia 40, na wale waliojijaribu walikumbuka asilimia 61. Mtihani wa Novemba ni wa wiki nyingi baadaye, si wa dakika tano.

Kwa hiyo asome kurasa mbili za Jiografia, afunge kitabu, aandike yote anayokumbuka kwenye karatasi chakavu, kisha afungue aone alichoacha. Inauma. Ndiyo maana hawapendi kufanya hivyo. Lakini kile alichokiacha kinajionyesha chenyewe, hana haja ya kusoma yote upya. Baada ya siku mbili tatu arudie mada ileile, halafu baada ya wiki. Nawe mama unaweza kusaidia hapa hata kama hukusoma Jiografia: shika kitabu chake mkononi, muulize, "Niambie mambo matano yanayosababisha mmomonyoko wa udongo," na uhesabu kwa vidole. Huhitaji kujua kama amejibu vizuri, kitabu unacho wewe.

Saa za kusoma zisiwe za kujionyesha. Likizo hii saa tatu za asubuhi zilizotulia, na saa moja na nusu jioni, zinatosha kwa mtu aliyekuwa kwenye sufuri. Akianza na ratiba ya saa kumi na mbili atadumu siku mbili. Mchana akusaidie sokoni kama kawaida, kwani mtahiniwa si mgonjwa. (Ila wenye binti kidato cha nne wanaosoma barua hii ya mwenzao: mtazame nani anayechota maji, anayepika ugali na kuosha sufuria huku kaka zake wanne wakipewa nafasi ya kusoma. Binti huyo hakosi hamu, anakosa saa mbili za jioni.)

Usingizi usiuguse. Watahiniwa wana mila yao ya kutia miguu ndani ya beseni la maji baridi usiku ili wasisinzie, na wengine hutafuna vitu ambavyo sitaki kuvitaja hapa. Umri wake unahitaji saa nane hadi kumi za kulala, na ni usingizini akili inapopanga ilichojifunza mchana. Aliyekesha na kuingia chumba cha mtihani akisinzia amesoma kwa hasara. Kwa sasa tatizo la kijana wako si kukosa usingizi, ni kwamba huenda anachelewa kulala, kisha anaamka saa nne za asubuhi.

Hapo ndipo simu inapoingia. Usimpokonye. Ukimpokonya utakuwa na vita nyumbani hadi Novemba, naye atapata nyingine kwa rafiki. Kubalianeni: saa tatu usiku simu inalala chumbani kwako, na wakati wa kusoma inakaa mezani kwa mwingine, isipokuwa anapofungua karatasi za mitihani iliyopita. Na yako iwe vivyo hivyo wakati huo, maana mtoto hasikii maneno ya mzazi aliye TikTok. Kuna jambo moja tu la simu nitakalokuwa mkali nalo. Kila mwaka majira kama haya vikundi vya Telegram huuza eti karatasi za KNEC, baraza la mitihani la taifa. Nyingi ni za bandia, na mtoto hupoteza pesa na usiku mzima akikariri majibu ya mtihani usiokuwepo. Zikiwa za kweli ni balaa zaidi, kwa kuwa KNEC hufuta matokeo na kumiliki karatasi ya mtihani ni kosa la jinai. Mwambie wazi, bila kumshuku.

Tuisheni: hapana, kwa sasa. Tuisheni ya likizo shuleni imepigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na hata ya pembeni hufundisha mada kutoka mwanzo kwa watoto thelathini, wakati wako anahitaji mtu wa kukaa naye kando ya swali moja. Mtu huyo unaye. Kevo alipata B. Jioni akirudi kutoka steji, mwombe saa moja, siku tatu kwa wiki, maswali matatu ya Hisabati kila siku. Asimhubirie, amwonyeshe hatua tu, kisha mdogo afanye swali lingine kama hilo peke yake. Kama pesa za tuisheni ulikuwa umezitenga, mpe Kevo kiasi fulani, kwani saa moja ya jioni kwa mtu wa nduthi ni abiria kadhaa. Kuna faida nyingine pia: yule aliyekuwa hoja ya kutosoma ndiye atakayekuwa ameshika kalamu mezani.

Kabla sijafika kwa mzee, niseme jambo zito. Haya yote ni ya mtoto aliyekata tamaa ya shule. Ukiona amekata tamaa ya kila kitu, hacheki na marafiki, hapendi hata mpira, hali, anajitenga, anasema heri asingekuwepo, au anagawa vitu vyake, acha habari ya masomo. Muulize moja kwa moja kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Simu ya watoto ya 116 ni ya bure na hupokewa usiku na mchana. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Mbale, si mbali nawe. Mtihani unaweza kufanywa mwaka mwingine.

Na kama ni hofu ya kawaida tu, ile ya tumbo kuuma asubuhi ya karatasi, kuna zoezi dogo ambalo Ramirez na Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha mwaka 2011: mwanafunzi huandika kwa dakika kumi, kabla tu ya mtihani, yale yote yanayomtia wasiwasi. Wale wenye woga mwingi walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao ambao hawakuandika. Karatasi hiyo aitupe nje kabla hajaingia, asije akashukiwa nayo. Maombi nayo yaendelee, sina ugomvi nayo.

Sasa baba yake. Mzee hana nia mbaya. Yuko mbali, na mtu aliye mbali huzungumza kwa makubwa: pikipiki, au toka bomani. Ahadi ya pikipiki usimwombe aifute, kwa sababu ahadi iliyofutwa itamuumiza kijana kuliko iliyokosekana. Mwombe tu asiiongeze wala kuitaja tena. Tuzo ya mbali haimsaidii mtu anayehitaji kushinda kitu wiki hii, na mwanasaikolojia Edward Deci alionyesha tangu 1971 kwamba malipo yanaweza kupunguza ule upenzi wa kazi yenyewe. Isitoshe, kwa hali ya sasa B iko mbali, na kijana anajua hivyo. Kila akisikia pikipiki anasikia kwamba ameshaikosa.

Kile kitisho ndicho lazima kiondolewe, tena na yeye mwenyewe kwa mdomo wake, kabla ya shule kufunguliwa. Mtoto anayeamini kwamba D itamtoa nyumbani hawezi kuonyesha karatasi yenye E ili asaidiwe, ataificha. Mwambie mzee apige simu na aseme: "Nilisema vibaya. Hapa ni kwenu, gredi yoyote." Asiongeze "lakini". Halafu kila Jumapili jioni apige tena, na badala ya kuuliza "unasoma?" aulize, "Wiki hii umefanya karatasi gani? Nisomee swali moja lililokushinda." Hata kama mzee hakufika kidato cha nne, asikilize hadi mwisho, amwambie kijana amwonyeshe Kevo swali hilo kesho yake, kisha Jumapili inayofuata aulize limeishia wapi.

Akikataa kuliondoa hilo neno, nipigie kupitia mwalimu mkuu wa shule ya kijana. Nitaongea naye mwenyewe, mzee kwa mzee.